Tela la Mama Mkwe: Siku ya Dirisha Namba Nne

"Siuzi."

Ndilo neno tulilowaachia wiki iliyopita, wasomaji, na wapo waliotuandikia kutulaumu kwamba hatuna huruma. Haya, tulieni. Kalamu bado iko mezani, muhuri bado una wino, na Mama Mkwe bado amelaza mikono yote miwili juu ya hati ya mauzo kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Na siku yenyewe haina upepo.

"Siuzi," akarudia taratibu, kwa faida ya wasiosikia vizuri.

Mpiga Chapa akaacha vidole vikining'inia juu ya mashine yake. Miaka kumi na minane ameketi chini ya mwavuli ule, mbele ya lango la ofisi ya usajili wa magari, akiwaandikia watu hati za kuuziana pikipiki, malori, matela na trekta. Amewaona wanunuzi wakighairi. Amewaona wauzaji wakiaga kwenda haja wasirudi. Hajawahi kumwona muuzaji aliyeletwa na mnunuzi wake mwenyewe, akanunuliwa soda baridi, akaonyeshwa kwa kidole pa kutia sahihi, halafu akakataa.

Na Fundi, mnunuzi mwenyewe? Angesemaje? Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yake hajapata kumwambia yule mama neno refu kuliko "shikamoo" na "karibu chakula". Mtu na mkwewe hawajibizani. Akamgeukia mke wake.

"Mama watoto, hebu mwulize mama kama ameelewa."

Mama Mkwe alikuwa umbali wa mkono mmoja.

"Mama, baba watoto anauliza kama umeelewa," mke akasema.

"Mwambie nimeelewa."

"Anasema ameelewa."

"Mwulize ameelewa nini."

"Mwambie," Mama Mkwe akasema, akimtazama Mpiga Chapa, "nimeelewa kwamba hapa juu pameandikwa *mmiliki*, na mbele yake pameandikwa jina langu. Yote matatu. Wala hawakukosea hata herufi."

Kwa aliyekuwa safarini wiki zilizopita, mambo yako hivi.

Fundi ni mchomeleaji wa vyuma. Kwa miezi saba, uani kwake, aliunda tela la ekseli mbili kwa mikono yake mwenyewe, akalipaka rangi ya bluu, likapendeza hata wapita njia wakawa wanasimama. Alipolipeleka kusajiliwa, ofisi ikamwomba hati ya mauzo. Akasema hakulinunua, ameliunda. Ofisi ikasema kitu ambacho hakijauzwa hakina mwenyewe. Akasema basi, ajiuzie. Ofisi ikasema muuzaji na mnunuzi hawawezi kuwa mtu mmoja, maana siku wakigombana nani atamshitaki nani.

Na wakati wakishauriana, wakalifungia tela nyuma ya ofisi kwa kosa la kuwapo bila karatasi, wakaliingiza katika orodha ya mnada wa vyombo visivyo na wenyewe. Mnada ni kesho saa nne asubuhi.

Hapo ndipo Mpiga Chapa alipotoa ushauri wake. Tafuta mtu unayemwamini, akasema, tuandike kwamba tela ni lake, ameliunda yeye, kisha akuuzie. Chagua mtu usiyeweza kugombana naye. Fundi akawaza watu wote anaowajua, na kila mmoja akamkuta ana kasoro. Mwisho akabaki mama mkwe, mtu mtaratibu, mjane, anayekaa kwenye kizingiti cha jiko lao akichambua mchele. Juzi wakaenda kwa wakili, ikaandikwa hati ya kwanza ya kumtambua yule mama kuwa muundaji na mmiliki, ikapigwa mihuri mitatu. Leo ilibaki hati ya pili tu. Kazi ya dakika mbili.

Sasa imefika saa nzima.

"Mama," Mpiga Chapa akasema kwa upole, "kuna jambo limekuudhi? Au ni bei?"

"Bei sina neno nayo. Wewe unaandika hati za watu, nikuulize. Nyumba niliyozalia watoto wangu ina jina la nani?"

"Sijui, mama."

"La marehemu mume wangu. Shamba ninalolima lina jina la shemeji, ambaye hata mpaka wake haujui. Hii laini ya simu ni ya mwanangu wa kwanza. Ikifungwa, mimi nasimama dukani nikiambiwa niende nikamlete mwenye laini. Nilipokuwa na mimba ya huyu hapa, kadi yangu ya kliniki iliandikwa *mke wa fulani*. Nina miaka sitini na minne. Juzi wakili akanipa karatasi yenye jina langu na mihuri mitatu." Akaipapasa ile karatasi. "Sijawahi kuwa na kitu chenye mihuri."

Fundi aliyasikia yale maneno yakimwingia mahali, lakini hakuwa na nafasi ya kuangalia ni wapi. Kesho saa nne ilikuwa inakuja.

"Mama watoto, mkumbushe mama kwamba kesho tela litapigwa mnada."

"Haliwezi," Mama Mkwe akasema, bila kungoja kukumbushwa. "Mnada ni wa vyombo visivyo na wenyewe. Hiki kina mwenyewe." Akainuka, akachukua mkoba wake mweusi. "Haya. Nani ananionyesha hilo dirisha?"

*

Mke akabaki nje kuangalia mizigo. Fundi akaingia nyuma ya mama mkwe wake, hatua tatu nyuma kama heshima inavyotaka, na kama foleni ilivyotaka.

Dirisha namba nne ni la karani ambaye mji mzima unamwita Bwana Kiambatisho. Jina hilo alilipata kwa kazi. Hakuna karatasi iliyowahi kufika mbele yake asiulize kiambatisho chake kiko wapi. Inasemwa kwamba alipopelekewa kadi ya mwaliko wa harusi aliirudisha, akitaka kopi mbili. Uso wake hakuna anayeujua vizuri, kwa kuwa hauinui. Watu humtambua kwa utosi.

"Kiambatisho," utosi ukasema.

Mama Mkwe akapenyeza hati yake. Karani akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia.

"Mmiliki nani?"

"Mimi."

"Chombo kilipatikanaje?"

"Si kimeandikwa hapo."

"Kimeundwa na mmiliki," karani akasoma. "Kwa hiyo wewe ni mtengenezaji."

Fundi akakohoa. Mama Mkwe hakukohoa.

"Ndiyo."

"Nitahitaji cheti cha mtengenezaji. Kinatolewa na Mkaguzi, huko uani. Lakini Mkaguzi hakagui chombo kisicho na namba."

"Namba inatolewa wapi?"

"Hapa kwangu."

"Nipe basi."

"Sitoi namba kwa chombo ambacho hakijakaguliwa."

Kwenye foleni watu walishusha pumzi kwa pamoja. Wengi wao walikuwa wameshafika hapo, wakageuka, wakarudi nyumbani, wakarudi tena mwezi uliofuata. Mzee mmoja aliyekuja kusajili pikipiki alikuwa amekuja na kiti chake.

Mama Mkwe hakugeuka.

"Mwanangu, yule mtu wa kwanza kabisa kusajili tela katika ofisi hii, yeye alifanyaje?"

Kalamu ya Bwana Kiambatisho ikasimama. Katika miaka yote aliyokaa pale, watu walimlilia, walimbembeleza, walimtishia kwa majina ya wakubwa. Kuulizwa swali alikuwa hajazoea. Akavuta droo ya chini, akachakura, akatoa fomu ya manjano iliyokunjamana pembeni.

"Kuna namba ya kuombea namba," akakiri kwa sauti ndogo. "Haijaombwa siku nyingi."

"Naiomba."

"Kopi mbili."

*

Nyuma ya ofisi kulikuwa na uwanja wa vyombo vilivyokamatwa. Mabasi madogo yasiyo na magurudumu, pikipiki zilizomezwa na majani, gari la zimamoto ambalo nalo lilikuwa halina karatasi. Tela la Fundi lilikuwa kwenye kona, bluu yake imefunikwa vumbi. Ubavuni mtu ameandika kwa chaki: HALINA MTU.

Mama Mkwe akashika ncha ya mtandio wake, akapafuta pale mpaka pakabaki safi.

Mkaguzi alikuja na ubao wa kuandikia na nyundo ndogo. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, na ilijulikana kwamba anaiamini nyundo kuliko anavyowaamini watu. Akamtazama Fundi mikono, akaona makovu ya cheche.

"Wewe ndiye mtengenezaji?"

"Hapana," Fundi akasema, akiificha mikono nyuma. Miezi saba ya jasho. "Mimi ni mkwe wake tu."

"Mtengenezaji ni mimi," Mama Mkwe akasema.

Mkaguzi akamtazama kuanzia mtandio mpaka kandambili. Akafungua ubao wake.

"Chuma hiki cha ubavuni kina unene gani?"

"Milimita nne. Mwanzo kiliwekwa cha tatu, kikapinda, kikang'olewa. Siku hiyo yalisemwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako."

"Ekseli ilitoka wapi?"

"Kwenye lori la mchanga lililokufa. Ilikuja na kutu, ikasuguliwa siku nne. Ipige upande huu, italia vizuri."

Mkaguzi akaipiga. Ikalia vizuri. Akainama chini ya tela, akakaa huko kitambo, akatoka akiwa na jambo.

"Huku kuna mshono umechomelewa mara mbili."

"Ndiyo. Mara ya kwanza fundi alikuwa anaongea na simu."

"Fundi yupi?"

Mama Mkwe hakubabaika hata kidogo. "Mimi," akasema. "Napenda sana simu."

Fundi akaangalia viatu vyake. Miezi saba alimwona yule mama kwenye kizingiti cha jiko, sinia la mchele mapajani, akikunja uso kila mashine inaponguruma. Alidhani ni kelele zinamkera. Kumbe alikuwa anasoma.

Mkaguzi akafunga ubao. Fundi akaanza kushusha pumzi, akaikatia njiani, kwa kuwa Mkaguzi alikuwa anamwita mtu wa karakana alete mashine ya kuchomelea na vipande viwili vya chuma.

"Maneno kila mtu anayo," Mkaguzi akasema. "Nataka kuona mkono."

"Mkaguzi, huyu ni mtu mzima," Fundi akasema haraka. "Macho yake, na umri wake..."

"Fomu haina sehemu ya umri."

Na hapo, wasomaji, mchezo ulikuwa umekwisha. Fundi aliuona waziwazi jinsi utakavyokwisha. Yule mama atashika kile kijiti cha kuchomelea kama mwiko, kitamwaga cheche hovyo, Mkaguzi ataandika *udanganyifu*, na wakili wa mihuri mitatu ataitwa. Kisha Mpiga Chapa. Kisha yeye. Tela litauzwa kesho kwa mtu wa kwanza atakayeinua mkono, na wao watakuwa wanalitazama kupitia nondo za dirisha.

Mama Mkwe akaweka mkoba chini.

"Mkwe," akasema, "nipe koti lako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha moja kwa moja. Fundi akavua koti la kazi, akampa, na mtu wa karakana akamkabidhi glovu na kinga ya uso. Mama Mkwe akakunja ncha za mtandio ndani ya kola, akainama, akateremsha kinga.

Cheche zikaruka. Mwanga ukapasuka, Fundi akageuza macho kwa mazoea. Alipoyarudisha, yule mama alikuwa anagonga majivu ya mshono kwa ncha ya nyundo, kama vile afanyavyo yeye, mgongo umepinda vilevile, hata ulimi umetokeza pembeni vilevile.

Mshono wenyewe haukuwa mzuri. Ulikwenda ukirudi, una vinundu huku na mabonde kule. Mkaguzi akaupiga nyundo mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu kwa nguvu zake zote. Vyuma vikaruka chini vikiwa bado vimeshikana.

"Sura mbaya," Mkaguzi akasema, "lakini umeshika." Akaandika.

Fundi akasahau heshima, akasahau mke hayupo wa kupitishia maneno.

"Mama, umejifunza lini?"

"Wewe unalala baada ya chakula cha mchana. Mimi silali."

"Vijiti vyangu vya kuchomelea vilivyokuwa vinapungua..."

"Ndivyo."

"Nilimshuku jirani. Mwezi wa tatu huu simsalimii."

"Anajua," Mama Mkwe akasema, akivua glovu kidole kimoja kimoja. "Yeye ndiye aliyekuwa akinishikia chuma."

*

Saa tano kasorobo walikuwa tena mbele ya utosi wa Bwana Kiambatisho, na cheti cha mtengenezaji kikiwa bado kina unyevu wa muhuri. Sasa mihuri ilikuwa minne. Mama Mkwe alisimama wima kama askari aliyepandishwa cheo.

Karani akasoma. Akageuza nyuma, akasoma na nyuma, ambako hapakuwa na kitu.

"Hongera, mtengenezaji. Mnunuzi yuko wapi?"

"Sina mnunuzi. Nasajili langu."

"Haiwezekani. Kanuni ya kumi na saba. Mtengenezaji hutengeneza. Akibaki na alichotengeneza, hicho ni bidhaa iliyo ghalani, na bidhaa iliyo ghalani haitembei barabarani."

Mama Mkwe akaitafuna hiyo kanuni pole pole.

"Kwa hiyo kama nisingeliunda, ningeweza kulimiliki."

"Bila shaka yoyote."

"Na kwa kuwa nimethibitisha kwamba nimeliunda, siwezi."

"Ndiyo maana tunaomba vyeti," Bwana Kiambatisho akasema, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kueleweka. "Uuze kabla dirisha halijafungwa saa sita. Vinginevyo kesho ni mnada."

Fundi alipaswa kufurahi. Hiki ndicho alichokitaka tangu asubuhi, na amekipata bila kumkosea mkwewe adabu. Ofisi imemshindia. Lakini akamwona yule mama anaikunja ile hati yake ya mihuri mitatu. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, akaendelea kuikunja mpaka ikawa kitu cha kuingia kwenye ngumi.

"Mama," akasema.

Akatoka nyuma yake, akasimama sambamba naye.

"Mama, miaka kumi na mmoja tunaishi nyumba moja, sijawahi kukuuliza unataka nini. Tela niliunda mimi, lakini leo aliyelitetea ni wewe. Sasa muuzie unayemtaka. Mimi nikibaki fundi wake tu, inanitosha."

Ni maneno mazuri, na mzee wa pikipiki alitikisa kichwa kwa kukubali. Lakini sisi hatuwafichi kitu, wasomaji. Nusu ya maneno yale Fundi aliyatoa moyoni. Nusu nyingine aliyatoa akiwa ameshapiga mahesabu kwamba hapa hakuna mwingine wa kuuziwa ila yeye.

"Vizuri," Mama Mkwe akasema. "Basi namuuzia binti yangu."

Fundi akageuka kuitazama foleni. Alikuwa ameshasema, na watu ishirini walikuwa wamesikia.

Mke akaitwa. Akaja mpaka mlangoni, akaishia hapo.

"Mama, muuzie tu baba watoto," akasema kwa mbali. "Mimi mambo ya magari siyajui."

"Njoo."

"Nimeacha mizigo kwa Mpiga Chapa."

"Haiendi mahali. Njoo."

Akaja. Alikuwa ameshusha mtandio mpaka kwenye nyusi, akasimama pembeni ya dirisha, mahali ambapo mtu wa ndani angemwona bega tu. Fundi akadhani ni haya. Ikampendeza kidogo kuwa na mke mwenye haya.

"Bei ya mauzo?" karani akauliza.

"Upendo wa mama."

"Kisanduku hiki cha bei kinapokea tarakimu tu."

"Andika moja."

"Moja nini?"

"Moja tu. Sina binti mwingine."

Karani akaandika moja. Mama Mkwe akatia sahihi yake kwa herufi kubwa zilizosimama mbalimbali, na safari hii hakuna aliyemwonyesha pa kutia.

"Namba ya kitambulisho ya mnunuzi."

Mke akaitaja kwa sauti ndogo mno. Karani akamwomba arudie. Akarudia kwa sauti ndogo zaidi. Vidole viwili vya Bwana Kiambatisho vikaitafuta tarakimu kwa tarakimu kwenye kibodi, kisha mashine ikaanza kufikiri. Ilifikiri muda mrefu.

"Mnunuzi tayari yumo," utosi ukasema.

"Yumo wapi?" Fundi akauliza.

"Kwenye daftari la wamiliki. Ana chombo. Lori, tani kumi, rangi ya kijani. Limesajiliwa miaka miwili iliyopita. Hali yake, linafanya kazi."

Fundi akacheka. Alicheka kwa raha, kicheko cha mtu ambaye hatimaye ameikamata ofisi ikikosea.

"Hapo mmechanganya. Mke wangu hana hata baiskeli."

"Mashine haichanganyi. Wanaochanganya ni wanaojaza fomu."

"Mama watoto, hebu mwambie."

Mke alikuwa anasoma tangazo la ukutani linalokataza kuegemea kioo. Tangazo lenyewe lina maneno matatu, na yeye alikuwa bado hajalimaliza.

"Mama watoto. Lori?"

"Tutaongea nyumbani, baba watoto."

Fundi akalirudia jibu lile kichwani. Mke hakusema *sina lori*. Angesema hivyo, yakaisha. Amesema tutaongea nyumbani.

Mama Mkwe alikuwa amemgeukia binti yake, anamkagua kama Mkaguzi alivyoukagua ule mshono.

"Lina jina lako?"

"Lina, mama."

"Lote?"

"Yote matatu."

Yule mama akaubana mdomo wake. Alikuwa na hasira, hilo lilionekana, lakini kulikuwa na kitu kingine kinachomtoka usoni bila ruhusa yake, na Fundi alipokitambua kuwa ni fahari, akajua kwamba katika dirisha lile amebaki peke yake.

Akaushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Karani, lori tani kumi haliokotwi. Nani aliyemuuzia?"

Bwana Kiambatisho hakuwa na kinyongo na swali hilo. Lilikuwa swali la karatasi, na karatasi ndizo ndugu zake.

"Kila kitu kiko hapa," akasema, akiperuzi kwa majivuno. "Faili safi kabisa, nadra kuliona. Hati ya mauzo ipo. Kopi mbili zipo. Kiambatisho kipo. Muuzaji wa chombo ni..."

Kidole kikasimama kwenye mstari huo.

Kisha, mbele ya macho ya foleni nzima, Bwana Kiambatisho akainua kichwa. Kumbe alikuwa na uso, tena wenye masharubu. Akaangalia kulia kwa Fundi, akapita kwa Mama Mkwe, akafika kwenye bega lililokuwa pembeni ya dirisha. Mke wa Fundi akapandisha mtandio kutoka kwenye nyusi zake, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuushusha, wakatazamana.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo. Karani akanyoosha mkono juu, akaanza kukiteremsha kibao cha dirisha.

Hakikufika chini. Kiliubana mkoba mweusi wa Mama Mkwe, kikakwama hapo.

"Malizia kusoma, mwanangu," yule mama akasema.

"Kwa mujibu wa kanuni, taarifa za muuzaji..."

"Soma."

Mzee wa pikipiki alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake. Watu wakasogea karibu na dirisha. Bwana Kiambatisho akalamba midomo. Akatafuta kiambatisho cha kuomba, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakukiona.

"Muuzaji," akasema, "ni mimi."